Nyuma ya Mita Hakuna Mwenyewe

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alizindua mjini Jinja, Uganda, bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale. Mwaka 1955 ukafuata mkataba wa miaka 50 wa kuiuzia Kenya umeme, hadi megawati 45, na kufikia 1958 nyaya za msongo mkubwa zilikuwa zimepita Tororo kuelekea Nairobi. Umeme wa Nile ulivuka mamia ya kilomita bila kuchoka. Leo, kilomita chache kutoka bwawani, katika mtaa wa Walukuba, umeme huohuo unashindwa kuvuka bustani. Hutoka nyumba kubwa ukiwa na volti 240, ukafika chumba cha uani ukiwa hoi, au usifike kabisa, au ufike mahali usipotakiwa: kwenye bati, kwenye kamba ya nguo, kwenye mkono wa mtoto.

Waganda wamezoea kulalamikia mabwawa, laini kubwa na bei ya uniti, na malalamiko hayo yana haki yake. Lakini waya unaotoka nyumba kubwa kwenda kwenye vyumba vya wapangaji, banda la kuku, saluni ya uani au taa ya getini hauna anayeusemea. Urefu wake ni mita thelathini, hamsini, pengine themanini. Kampuni ya umeme haiuhesabu kuwa wake kwa sababu uko nyuma ya mita. Jiji haliukagui. Mwenye nyumba anasema hiyo ni kazi ya fundi, na fundi akishalipwa anatia koleo mfukoni na kwenda zake. Waya huo unahitaji mwenyewe, na ni wajibu wa jiji la Jinja kumtafuta.

Walukuba ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati Jinja ilipokuwa inageuka kuwa mji wa viwanda. Ilikuwa ya kizazi kimoja na Nakawa na Naguru za Kampala. Hizo mbili zilibomolewa mwaka 2011. Walukuba bado imesimama. Waliochora mitaa hiyo waliweka nyumba ndogo na wakaacha nafasi kati yake, wakiamini mfanyakazi atapata riziki kiwandani na nyumbani atapumzika. Hesabu hiyo iliharibika. Baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 viwanda vya Jinja vilidorora kimoja baada ya kingine, na riziki ikahamia uani. Mahali palipokuwa na majani pakaota vyumba vya kupangisha, mabanda ya kuku na nguruwe, vibanda vya kunyoa, meza za fundi cherehani, karakana za kuchomelea vyuma. Vyote hivyo vinataka umeme, na nyumba iliyochorwa kwa ajili ya taa mbili tatu sasa inabeba biashara tano.

Namna umeme unavyovutwa inajulikana kwa kila mpita njia. Fundi hununua waya mwembamba wa nyuzi mbili, ule uliokusudiwa kwa redio au taa ya mezani, akaufunga kwenye soketi ya sebuleni, akautoa dirishani, akaupitisha juu ya bati, akaushikiza kwenye mwembe na kuuingiza kwa mpangaji kupitia tundu la hewa. Palipoungwa pamezungushiwa utepe mweusi. Ukitaka kwenda chumba cha pili, unaungwa tena. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, haipo, kwa kuwa waya wenyewe una nyuzi mbili tu na ethi ingehitaji wa tatu. Taa inawaka, mpangaji anafurahi, kodi inapanda.

Hasara ya kwanza ya kazi ya namna hiyo haiui mtu, inamla mfuko. Waya wowote hupunguza volti kadiri unavyorefuka na kuwa mwembamba, kama mpira mrefu wa kumwagilia unavyofikisha maji kwa unyonge mwisho wa shamba. Hesabu yake mafundi wanaijua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ambao hutumika kwa soketi za ndani, hupoteza takriban volti 18 ukibeba ampea 20 kwa umbali wa mita 50. Katika volti 240 hiyo ni asilimia 7.5, wakati kanuni za Kiingereza ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa zinashauri isizidi asilimia 5, na 3 kwa taa. Kebo ya milimita za mraba 10 kwa umbali na mzigo uleule hupoteza volti 4.4 tu.

Volti hizo 18 haziendi hewani bure. Zikizidishwa kwa ampea 20 zinakuwa wati 360 za joto ndani ya waya, juu ya bati na chini ya jua. Saluni yenye vikausha nywele viwili na jiko la jirani likiwaka, kwa saa mbili kila siku, huchoma hivyo uniti 21 na zaidi kwa mwezi bila kumpikia wala kumnyoa mtu yeyote. Mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, haiulizi zimetumikaje. Mota ya pampu ya maji ikipata volti pungufu huvuta ampea nyingi zaidi, hupata moto na mwishowe huungua, na lawama humwangukia muuza pampu.

Hapo ndipo bei inapoingia. Katika mfumo wa bei za karibuni, kila mita ya nyumbani Uganda imepewa uniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja; baada ya hapo bei hukaribia mara tatu. Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya masikini. Lakini inahesabu mita, haihesabu masufuria. Familia nne zikiwa na mita nne zinapata uniti 60 za bei nafuu. Zikichangia mita moja ya mwenye nyumba zinapata 15. Ni kweli, mita yenye watu wengi hufika upesi kwenye kundi la uniti 81 hadi 150, ambalo nalo lilipunguziwa bei ili kuhamasisha upishi wa umeme. Hata hivyo, nafuu hiyo haigawanywi kwa haki uani. Anayelala na taa moja analipa sawa na mwenye friji, na kila tokeni ikiisha unazuka ugomvi wa nani alipiga pasi jana usiku.

Hasara ya pili inaua. Watu wengi huamini kwamba fyuzi au sakiti breka ipo kumlinda mtu. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 32 itakaa imetulia huku ampea 10 zikipita mahali pasipostahili, ilhali mwili wa binadamu unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinachomlinda mtu ni ethi nzuri pamoja na swichi ambayo mafundi huiita RCD, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata mara tu inapoona pengo la miliampea 30. Afrika ina mkono wake katika kifaa hicho: katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza mojawapo ya swichi za kwanza za aina hiyo, kwa ajili ya wachimba dhahabu waliokuwa wakipigwa na umeme migodini. Kilichowafaa wachimbaji kwenye maji na giza la chini ya ardhi kinafaa pia ua wenye bomba la maji, watoto wasio na viatu na kuta za mabati.

Mabati ndiyo hatari ya kipekee ya majengo ya uani. Waya unaosuguana na ukingo wa bati kila upepo unapovuma hatimaye huchubuka ngozi yake ya plastiki, na kuanzia hapo ukuta mzima una umeme. Kamba ya nguo ya waya wa seng'enge iliyofungwa kwenye ukuta huo nayo inakuwa na umeme. Mama anayeanika nguo mbichi amesimama juu ya udongo wenye unyevu. Bila ethi, hakuna njia nyingine ya umeme kufika chini isipokuwa yeye. Bila RCD, hakuna cha kuukata.

Juu ya hayo ipo mvua. Ukanda wa Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi, na Uganda haijasahau Juni 2011, radi ilipowaua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Waya mrefu unaoning'inia kati ya majengo mawili hupokea msukumo wa radi hata ikipiga mbali kidogo, na huupeleka moja kwa moja kwenye televisheni na chaja za simu. Mbale, mashariki mwa Uganda, ilionja upande mwingine wa mvua mwishoni mwa Julai 2022, mto Nabuyonga ulipofurika na mafuriko yakaua zaidi ya watu ishirini. Maji yakishaingia nyumba ya uani, soketi iliyofungwa sentimita chache juu ya sakafu huzama mapema. Kuipandisha hadi kiuno cha mtu mzima hakuongezi gharama ila ya waya kidogo.

Kazi iliyofanywa vizuri si siri. Nyumba kubwa inapewa breka ya pekee kwa ajili ya uani. Kutoka hapo inashuka kebo yenye ganda la nyaya za chuma, inalazwa kwenye mtaro wa kina cha sentimita 60 hivi, chini na juu yake mchanga laini, kisha utepe wa rangi kali wa kumwonya mwenye jembe atakayechimba muhogo miaka kumi baadaye. Ganda la chuma linahitajika kwa sababu ya jembe hilo na pia kwa sababu ya mchwa na fuko, ambao wakikutana na plastiki ya kawaida hawaihurumii. Upande wa pili inafungwa bodi ndogo yenye RCD na breka ya kila chumba, pamoja na fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini na kupimwa kwa kifaa. Kuikadiria kwa macho hakutoshi. Mwishowe mchoro wa njia ya mtaro unabandikwa ndani ya mlango wa bodi kubwa. Mchoro huo unagharimu kalamu na karatasi, na ndio unaosahauliwa kuliko vyote.

Tena si kila kitu kinahitaji kuvutiwa waya. Taa ya njia ya choo, ya getini na ya kwenye miti inaweza kuwa ya sola, yenye betri yake, ya volti chache zisizoweza kumdhuru mtu. Wenye bustani kubwa za nyumba za kulala wageni karibu na Nile, na wenye nyumba za Senior Quarters kule Mbale, wangeokoa mitaro mingi kwa kukubali hivyo. Banda la vifaranga ni habari nyingine. Taa moja ya joto ya wati 250 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 6 kwa siku, kwa hiyo uniti 15 za bei nafuu zinakwisha katika siku mbili na nusu, na sola ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuibeba. Tena taa hiyo inaning'inizwa juu ya maranda makavu kwa kipande cha kamba. Mfugaji wa aina hiyo anastahili waya wake, breka yake na ushauri wa fundi kabla hajaleta vifaranga.

Nani basi amsimamie fundi? Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali vya madaraja mbalimbali kwa mafundi wa nyaya za majengo, na nyumba mpya haiunganishwi mpaka mwenye kibali athibitishe kazi. Mlango huo unalindwa mara moja tu, siku ya kuunganishwa. Chumba kilichojengwa uani miaka mitano baadaye hakipiti hapo. Kinachukuliwa na kamyufu, binamu wa kishoka wa Tanzania, ambaye bei yake ni ndogo na simu yake haipatikani waya ukianza kunuka. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2022 yalipandisha adhabu za kuiba umeme na kuharibu miundombinu. Hasira ya sheria imeelekezwa kwa anayeiba uniti. Kwa anayevuta waya wa kuua nyuma ya mita aliyoilipia, sheria hiyohiyo inatumika kwa ulegevu.

Uingereza ilishapambana na jambo hili. Kuanzia Januari 2005 kanuni zake za ujenzi ziliingiza kazi za umeme za nyumbani, na hadi leo mtu anayevuta laini mpya kwenda kwenye banda la bustani yake lazima aiarifu halmashauri au amtumie fundi aliyesajiliwa anayejithibitishia kazi yake. Mwaka 2013 kanuni zililegezwa kwa kazi ndogondogo, lakini laini mpya ikabaki kwenye orodha. Tanzania nayo ina kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kisanduku kimoja chenye breka, soketi na taa, kinachofungwa ukutani bila kutandika nyaya nyumba nzima. Uganda imekitumia kifaa cha aina hiyo, kwa jina la redibodi, katika kuunganisha nyumba za kipato cha chini. Kimewazwa kwa ajili ya nyumba ya kijijini yenye chumba kimoja, lakini vyumba vya uani vya Walukuba vina ukubwa huohuo.

Wapo watakaosema kwamba masharti yatapandisha kodi, na mpangaji wa Walukuba au wa Masese jirani ndiye atakayelipa. Hoja hiyo ina uzito. Kebo nzuri ni ghali na shaba haishuki bei. Lakini mpangaji analipa tayari: kwa uniti zinazochomeka ndani ya waya, kwa nafuu ya uniti 15 asiyoiona, kwa friji iliyoungua. Tofauti ni kwamba malipo hayo hayana risiti. Wengine watasema wakaguzi watageuka kuwa wapokea bahasha. Hilo nalo linawezekana, na ndiyo maana ukaguzi usitegemee mtu mmoja anayekuja na kalamu yake.

Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 imeshaziweka kamati za ujenzi mijini, na inataka jengo lipate kibali kabla ya watu kuhamia. Jinja, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, inaweza kuagiza kwamba chumba chochote cha kupangisha kilichojengwa uani kiwe na cheti cha fundi mwenye kibali cha ERA, na nakala yake ikae kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ambaye anajua kila chumba kilichoongezwa katika eneo lake kabla jiji halijajua. Mpangaji apewe haki ya kuiona kabla ya kulipa kodi ya kwanza. Vyumba vya zamani vipewe muda, kwa mfano miaka miwili, vikianza na vyenye kuta za mabati.

Jukumu la pili ni la UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea usambazaji tarehe 1 Aprili 2025 baada ya miaka ishirini ya kampuni binafsi iitwayo Umeme. Kwa kuwa ndiyo kwanza inajipanga, ingeweza kuzifanya nyua za Walukuba mahali pa majaribio: mita ndogo na redibodi yenye RCD kwa kila kaya inayopangisha, malipo yakikatwa kidogo kidogo kwenye tokeni. Kampuni ingepata wateja wanne mahali ilipokuwa na mmoja, na ingejua mzigo halisi wa transfoma zake badala ya kuukisia zinapolipuka. Kwa upande wao, kamyufu wenye mikono mizuri wangeitwa chuoni kwa kozi fupi na mtihani wa ERA, kwa ada wanayoimudu, kwa sababu wao ndio wanaojua kila waya ulipopita.

Bajeti ya jiji huanza upya kila Julai. Mshahara wa mkaguzi mmoja wa umeme na bei ya vifaa viwili vya kupimia ethi na RCD vinaweza kuingia humo mwaka huu, na kazi ikaanzia Walukuba.